Rili Inayovuruga Mshipi

"Kati ya hizi zote, ipi inavuruga mshipi zaidi?"

Delmer Hulsey alicheka. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiuza vifaa vya uvuvi kando ya ziwa lile la Alabama, na hakuna mgeni wa uvuvi aliyewahi kumuuliza swali la maana namna ile. Alitoa kwenye kabati la kioo rili moja nyeusi, gurudumu la kukunjia mshipi, akaiweka mezani taratibu.

"Hii hapa, dada. Nzuri, sikatai, lakini kwa anayeanza ni balaa tupu. Ukiinua dole gumba kutoka kwenye gurudumu kabla chambo hakijagusa maji, linazidi kuzunguka, mshipi unajaa mafundo, na siku yako imekwisha. Kaa nayo mbali."

"Nipe hiyo," alisema mwanamke.

Aliitwa Twyla Scoggins. Alikuwa na miaka arobaini na ushee, na macho yake yalikuwa mekundu. Nje, ndani ya pikapu iliyozimwa, baba yake mzee Hoyt alikaa kafunga mkanda, akitazama mbele kana kwamba gari lilikuwa barabarani.

Delmer hakukubali kushindwa upesi. Alileta rili nyingine, ya kubonyeza kitufe. "Hii unabonyeza, unatupa, unaachia. Mjukuu wangu wa miaka minne anaiweza, na mwenyewe hajajua hata kufuta kamasi."

"Ile nyeusi, bwana."

"Haya, yako. Basi angalau niikaze breki isizunguke ovyo."

"Iache wazi kabisa."

Ukutani ilining'inia minyoo ya chambo ya plastiki laini, pakiti kwa pakiti, mingine ya kijani cha tikiti, mingine zambarau iliyokaribia weusi. Delmer alimshauri achukue ile mirefu, minene, na risasi ndogo ya kuipa uzito iruke mbali. Twyla akachagua mifupi kuliko yote, myepesi kama tambi. Risasi hakuitaka.

"Dada, minyoo hiyo na rili hiyo havipatani hata kidogo. Umekuja kuvua au umekuja kunitania?"

Hapo ndipo Twyla alipomwambia. "Kesho asubuhi baba anaingia nyumba ya wazee. Ni ugonjwa wa kusahau. Amevua maisha yake yote, na sasa tangu Machi hajanitaja jina. Ananiita 'mama', kama anavyowaita wauguzi. Leo ndiyo siku yetu ya mwisho hapa ziwani. Nataka anitambue, hata kwa dakika mbili."

Delmer aliinamisha kichwa. Sasa aliuelewa ubishi wote ule. Binti wa mvuvi alitaka kumwonyesha baba yake kwamba naye anaimudu rili ya wakubwa, na kwa mnyoo ule alikuwa anakwenda kuaibika mbele ya mtu aliyempenda kuliko wote. Roho ilimuuma. Aliifunga rili kwenye ufito wa kuvulia, akafungasha minyoo, akaongeza mfuko wa karanga za kuchemsha kwa ajili ya mzee.

Kupitia dirishani aliwaona wakishuka kwenye gati. Upande wa kulia palikuwa na utulivu, mahali pa kumfaa anayejifunza. Twyla akapapita. Alimketisha baba yake mwisho kabisa, kwenye upepo, akasimama akiukabili, akatupa. Mnyoo ukarudishwa na upepo karibu na miguu yake, na mshipi ukafumuka juu ya rili kama kiota cha shomoro.

"Nilisema mimi!" Delmer alinong'ona. Alichukua ile rili ya kitufe, akatoka mbio mbio na kitambi chake, akisema moyoni kwamba atambadilishia bure, na iwe basi.

Alipofika, mzee Hoyt alikuwa ameshaichukua rili mapajani. Vidole vyake, vilivyoshindwa asubuhi ile hata kufunga vifungo vya shati, vilikuwa vinachomoa kitanzi kimoja baada ya kingine bila haraka.

"Usilie, Twy," alikuwa anasema. "Baba yupo. Kila siku nakwambia, fundo halivutwi kwa hasira, mwanangu, linabembelezwa. Na mama yako akiuliza tumechelewa wapi, mwambie samaki walikuwa wengi, sawa?"

"Sawa, baba," alisema Twyla.

"Akipika mkate wa mahindi usiumalize peke yako. Nakujua wewe."

Delmer alisimama pale pale na rili yake mkononi. Machozi yalimlengalenga. Kitanzi cha mwisho kikafunguka, mzee akakunja mshipi ukarudi sawa, akampa Twyla. Kisha akamtazama, akatabasamu kwa adabu.

"Haya mama, imekaa vizuri. Hebu tupa nikuone."

Twyla aligeukia upande wenye utulivu. Alitupa kwa kifundo cha mkono tu, na mnyoo ule mwepesi ukapaa hatua thelathini, ukaingia chini ya mti ulioanguka majini, ukatua bila hata kurusha tone. Delmer hakuwahi kuona mkono wa namna ile dukani kwake wala ziwani.

"Ah! Huo ndio utupaji," alisema mzee Hoyt. "Nani kakufundisha, mama?"

"Baba yangu."

"Basi alikuwa mvuvi kweli kweli. Mpe salamu zangu."

Twyla aliukunja mshipi wote. Akageuka, akaukabili upepo, akatupa tena, na kabla mnyoo haujagusa maji akainua dole gumba.