Meneja Aliyehamia kwa Bi Tunu

Sheria ilitaka kampuni ya bima ikichelewesha fidia, meneja wake akaishi na mteja mpaka alipwe. Ndivyo Bwana Kisamo alivyojikuta kwenye banda la mabati la Bi Tunu, ambaye nyumba yake iliungua. Mwanzoni alinuna. Baadaye akajifunza kukuna nazi, na wajukuu wakamcheka mpaka naye akacheka.

Fidia ikatoka, nyumba ikasimama, wakala pilau na kuimba.

"Sasa uko huru, baba," Bi Tunu alimwambia. "Kwako wanakusubiri."

"Mama, nyumba hii umeikatia bima?"

"Bado."

"Ikatie kwetu. Safari ijayo tutachelewa zaidi."

Bi Tunu akacheka sana, kisha akaona mwenzake hacheki.