Kubipu Mara Saba

Mara saba! Uwimpuhwe alihesabu vidole vyote vya mkono mmoja, akaongeza viwili vya mkono wa pili, akabaki anavitazama hewani kana kwamba si vyake.

Simu ilikuwa mezani, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, kimya sasa. Simu ndogo ya vitufe, mali ya wanawake tisa wa Gisenyi wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, imefungwa mpira ili betri isidondoke. Spika yake ya sikioni ilikufa zamani. Ukiipokea, inaongea na mtaa mzima. Lakini nani aliwahi kuipokea? Miaka minne, hata siku moja.

Ndiyo yalikuwa mapatano yao na Evode, mkuu wa mtumbwi. Zamani wanawake waliwahi ufukweni, wakajikunyata kwenye baridi wakingoja samaki ambao pengine hawakuja. Siku hizi Evode anawabipu akiwa bado ziwani. Mara moja: samaki wachache, njooni wawili. Mara mbili: tumejaza, njooni wote. Mara tatu: leo hakuna kitu, wapikieni watoto uji. Na mshika simu hapokei, hata iweje, maana kupokea ni kumlia mwenzako uniti za simu. Kwa mapatano hayo madogo wanawake wamepata asubuhi zao: wawili wanalima mboga, na Kaltumu amefungua meza ya chapati.

Lakini saba?

Tena haikuwa milio ya kawaida. Evode hubipu kifupi, tii! akakata, kama mtu anayeogopa simu itamuuma. Leo kila mlio uliimba mpaka ukachoka wenyewe. Ni mtandao tu, alijiambia Uwimpuhwe. Mtandao wa ziwani una wazimu wake.

Wanawake walikuwa wamekwishajaa uani.

"Saba ni nini?" aliuliza Kaltumu, mikono imejaa unga. "Tatu na tatu na moja? Uji, uji, njooni wawili?"

Wakaangua kicheko mpaka kuku wakakimbia.

"Mbili ni mtumbwi umejaa," alisema mwingine. "Saba ni ziwa limejaa!"

Uwimpuhwe alicheka kidogo tu. Juzi alikuwa amekosea. Simu ilikuwa imeviringwa ndani ya kitenge, milio mitatu akahesabu miwili, akawapeleka wote kwenye mvua bure. Kaltumu akasema mbele ya watu: kosa moja tena, simu inahamia kwangu. Na tangu Uwimpuhwe afiwe na mume, ile simu ndiyo iliyofanya mlango wake ugongwe kila asubuhi. Ikiondoka, nani atakuja kuugonga?

"Bon," alisema, akasimama. "Tunaenda wote. Na mabeseni yote."

"We mutu, iko na hakika?" Kaltumu alimkazia macho. "Mi chapati zangu ziko motoni."

"Ziepue."

Wakateremka kuelekea ziwani kwa mstari mmoja, tisa, wakiyapiga mabeseni kama ngoma. Mwenye pikipiki mmoja akapunguza mwendo, akapaza sauti: "Bamama, iko arusi wapi?"

"Arusi ya sambaza!" walimjibu, wakazidi kupiga.

Kwenye kibanda cha uniti, Mudathiru alichomoza kichwa dirishani. "Leo iko nini na Evode? Jana alinunua uniti hapa. Evode! Miaka yote hii sijamuuzia hata moja. Nikamuuliza, we mugonjwa?"

"Mumesikia?" Uwimpuhwe aliwageukia wenzake, uso umemng'aa. "Alijua usiku atajaza. Amejiandaa kuwapigia wateja wa Goma!"

Wakakimbia hatua za mwisho, kanga zimeshikwa juu ya magoti.

Mtumbwi ulikuwa umeshafika karibu na ufukwe, nao ulielea juu, mwepesi, kama umetoka kuoshwa. Asiyejua samaki angesema ni mzuri. Wanawake walijua. Katikati palikuwa na beseni moja la sambaza, nalo nusu. Wapiga makasia walikuwa wameacha kuimba. Wote wanamtazama Evode, aliyesimama peke yake mwishoni, amewapa mgongo watu wa nchi kavu.

"Yewe! Ona shati," mmoja alinong'ona. "Nani anavua sambaza na shati la kanisa?"

Hakuna aliyecheka. Kaltumu alishusha beseni lake, akanyoosha mkono, wala hakuunyoosha kwa ukali. "Lete, dada."

Uwimpuhwe aliitoa simu kifuani, akaukaza vizuri ule mpira wa betri, akaiweka kwenye kiganja chenye unga. Kisha akainama kulifuta beseni lake lililokuwa safi, afanye nini tena.

Hapo ikalia. Mara ya nane.

Kaltumu, mshika simu wa dakika moja, akababaika, na kwa pupa akafanya lile lisilofanywa miaka minne: akabonyeza kitufe cha kijani.

"Allo?"

Sauti ikalipuka, ikaenea ufukwe wote, mpaka kwa wauza mihogo huko juu:

"Uwimpuhwe, usikate, nakuomba! Mara saba mi sikubipu, nilikuwa napiga! Bon. Jumamosi nitume wazee kwa kaka yako, ao we iko na mutu mwingine?"