Shado wa Zaituni

Nasur alikuwa amechuchumaa nyuma ya kichanja cha mukene pale Wanyange, vile visamaki vikavu vikimdondokea kwenye kofia, wakati mwanamke mwenye kichanja alipoinama kumchungulia.

"Afande, wewe natafuta nini chini ya samaki yangu?"

"Upepo," Nasur alijibu, akajiona mjinga.

Mbele kidogo, mke wake Zaituni alikuwa akitembea kando ya ziwa kwa raha zake, raba mpya miguuni, kope zimepakwa rangi ya bluu. Mwanamke mwenye wajukuu! Kila alasiri, kwa muda sasa, alitoka nyumbani kwao Jinja bila kusema anakwenda wapi. Na kila alasiri Nasur aliinuka kwenye kiti chake cha barazani, akamfuata.

Kiti hicho hakuwahi kukiacha kwa muda mrefu tangu astaafu. Mtaani walimjua kama mwanajeshi mkali, naye hakuwasahihisha. Ukweli ni kwamba jeshini alilinda stoo ya blanketi miaka yake yote, na adui pekee aliyepambana naye alikuwa panya. Kumfuatilia mtu bila kuonekana alikusikia tu kwa wenzake wakijigamba. Hata hivyo sasa alijiona hodari. Siku zote hizo, na Zaituni hajageuka hata mara moja! Kweli, vilima vilimtesa. Lakini kila alipoachwa nyuma sana, Zaituni alisimama kufunga kamba za viatu, au kuuliza bei ya nyanya asizonunua. Nasur alimshukuru Mungu kwa kumpa mke mzembe.

Nyumbani maneno yalikuwa yamepungua. Tangu Jamiru, kaka yake Nasur, aanguke ghafla akila chakula cha mchana na asiinuke tena, Zaituni alikuwa akimgombeza mumewe kwa kila kitu: chumvi, sigara, kukaa kutwa. Kisha akaacha kabisa. Hakugombeza tena. Akanunua raba na rangi ya macho. Nasur hakuhitaji kuelezwa. Aliona amepata mwingine wa kumsikiliza.

Jioni moja akamsikia akicheka na simu uani.

"Shado wangu? Dada, huwezi kuamini. Siku hizi amekuwa kijana! Jumamosi atafika hukohuko Mbale, utamwona kwa macho yako."

Nasur hakugusa chakula. Asubuhi akaenda kwa Ronnie, dereva wa lori la magodoro, aliyejua Kiingereza kumzidi.

"Ronnie, shado ni nini?"

"Kivuli, Afande." Ronnie akakuna kichwa. "Lakini tena ni ile rangi wanawake wanapaka machoni. Na mtu anayekuandama nyuma nyuma, naye shado. Halafu kuna wale mawaziri kivuli wa upinzani, wanangoja mwenye kiti aondoke, wakikalie."

Nasur alifikiria kiti chake cha barazani.

"Basi nina upinzani," alisema.

Jumamosi Zaituni aliaga kwamba anakwenda Mbale kumwona rafiki. Akapanda basi. Nasur akapanda lori la Ronnie, akalala katikati ya magodoro kama mgonjwa, na alipoteremka Mbale alikuwa na sponji kwenye ndevu. Hakujali. Alimwona Zaituni akitoka kituoni na kushika njia ya kwenda Wanale.

Njia ilipanda kati ya migomba na mibuni, ikazidi kupanda. Zaituni alikwenda bila haraka. Nasur alimfuata akijificha nyuma ya mbuzi, ng'ombe, na mara moja nyuma ya mtoto wa shule aliyemfikia kiunoni. Alishangaa kwamba kifua hakikumbana kama zamani. Akasema ni hasira. Suruali tu ndiyo iliyomsumbua. Ilikuwa ikiteremka, ikabidi aishike kwa mkono mmoja.

Njiani alitunga hotuba. Ilianza kwa ukali: heshima ya nyumba, watoto, majirani watasemaje. Alipoirudia, ukali ukapungua. Aliporudia tena, akagundua kwamba hotuba nzima imebaki sentensi moja tu: Mama Habibah, rudi nyumbani, mimi bila wewe sijui hata chai inapikwa vipi. Machozi yakamtoka pale pale kwenye mwinuko, afande mzima, ameshika suruali.

Zaituni akaingia kwenye nyumba ndogo ya bati. Nasur akajipangusa uso, akahesabu pumzi zake, akavamia.

"Shado yuko wapi? Atoke tuonane!"

Ndani hamkuwa na mwanamume. Zaituni alikuwa amekaa mkekani na mwanamke mnene mwenye sare nyeupe ya uuguzi. Hakuna aliyeshtuka. Yule muuguzi alivuta kiti, akakigonga kwa kiganja.

"Karibu, Afande. Kaa hapa."

"Nimeuliza, huyo mwanamume—"

"Kaa. Usiongee."

Ilikuwa sauti ya amri, na Nasur alikuwa amezoea kutii amri. Akakaa. Muuguzi akamkunjia mkono wa shati, akamzungushia kitambaa kipana, akakijaza upepo mpaka kikambana.

Zaituni alikuwa amepiga magoti, mikono kifuani, akiitazama mashine, wala si mumewe. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua.

"Aber, niambie. Presha imeshuka?"

"Imeshuka, dada, tena vizuri." Muuguzi akamkagua Nasur kuanzia kofia hadi viatu. "Wiki ijayo mpitishe ile njia ya juu, ya mawe. Na ukifika penye kona, usimsubiri sana."