Gitaa la Tisa

Mshonaji alipiga magoti kwenye zulia la watu, akainamisha kichwa, akaingia chini ya gitaa lililosimama kama meza, mithili ya anayetafuta sindano iliyodondoka.

Mwenye gitaa, mwalimu mstaafu, alisimama pembeni na kikombe cha chai mkononi, akicheka kwa staha. Alikiri kwamba tangu atoe tangazo la kuliuza wamekuja watu wawili tu, na wote walitazama juu: mbao inayong'aa, nyuzi kumi, pedali zilizojipanga. Hakuna aliyejisumbua kwenda chini.

Mshonaji alijibu kutoka huko huko chini kwamba alifundishwa na fundi wa ala za muziki. Gitaa la pedali lililotumika, fundi alimwambia, hung'arishwa juu siku ya kuuzwa, lakini matatizo yake yako tumboni. Atazame fito zinazounganisha pedali na nyuzi, kama hazijapinda. Asukume kwa goti kila chuma kinachoning'inia. Akanyage pedali, aiachie, asikilize kama sauti inarudi palepale. Na asishangae kukuta kitu kimepungua, maana magitaa haya ni adimu, vipuri vyake havipatikani, na kila mwenye nalo hubandika chochote alichookota.

Hili lilikuwa la tisa ndani ya miezi kumi na minne. La kwanza alikwenda kuliona moyo ukimdunda, usiku mzima hajalala. Sasa alikuwa amekufa ganzi. Alibonyeza kengele za watu, akaamkia, akapiga magoti, akashukuru, akaondoka. Shemeji yake, aliyemwendesha kote huko, leo alibaki garini. Alisema amechoka kuona magitaa.

"Na mpigaji ni nani, mwanangu?" mwalimu aliuliza. "Wewe mwenyewe?"

"Sijui hata kulishika. Ni kwa ajili ya mume wangu."

Mwalimu alifurahi. Akasema huyo bwana ana bahati ya mtende, kwani yeye mke wake kwa miaka thelathini ameliita gitaa hili mke mwenza, na tayari ameshapima kabati la kuweka mahali pake. Akaketi, akavaa kucha za chuma vidoleni, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Sauti ilipanda taratibu, ikajikunja, ikashuka.

Mshonaji alisikiliza kwa adabu. Haikumfikia. Aliona tu kwamba mzee wimbo ameukatisha katikati.

"Nimeusahau," mwalimu alisema. "Karibu miaka miwili sijaligusa."

Mshonaji akarudi chini. Fito zilikuwa zimenyooka. Vyuma vya goti havikulegea. Kisha akafika kwenye miguu. Mitatu ilifanana: chuma cheupe, laini, chenye pete katikati. Wa nne ulikuwa kipande cha bomba la maji kilichopakwa rangi ya fedha. Kwa mtu aliyezoea kuona kifungo kimoja kigeni kwenye shati zima, haikuhitaji kutazama mara mbili.

"Mguu huu si wake," alisema.

Mwalimu alijikuna kichwa, akaomba radhi, ilimpasa aseme tangu kwenye simu. Wa kwake ulipotea safarini. Alikuwa anarudi alfajiri kutoka kupiga muziki harusini, vyombo viko nyuma ya pikapu, miguu ya gitaa imefungwa kwa kamba haraka haraka kwa sababu ya mvua. Mbuzi akakatiza barabara. Alipofunga breki gari liliyumba, kamba ikalegea, mguu mmoja ukachomoka. Aligundua alipofika nyumbani.

"Ulimgonga?"

"Nani?"

"Mbuzi."

Mwalimu alikizungusha kikombe mkononi. "Nadhani nilimkwaruza tu. Mvua ilikuwa kubwa. Sikushuka."

Mshonaji aliuliza ilikuwa barabara gani. Ile ya viwandani, mwalimu alisema, ukishapita daraja la reli. Akauliza ilikuwa lini. Mwalimu alifikiri kidogo, akataja mwezi wa nane, mwaka juzi, kisha akaongeza kwamba mtu akitafuta kwa subira ataupata mguu wa kufanana, na kwamba yeye angependa zaidi gitaa liende kwa mtu atakayelipenda.

Mshonaji alisimama, akapangusa magoti. Akampigia shemeji yake simu na kusema neno moja tu: "Kilete."

Mwalimu alidhani biashara imeshakamilika. Akasogeza viti ukutani kuwapisha wabebaji, akauliza kama mume atakuja mwenyewe siku moja amwonyeshe jinsi ya kulipanga sauti. Mshonaji akaenda kufungua mlango.

Shemeji aliingia na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye taulo. Alisimama mlangoni, hakuamkia. Mshonaji alikipokea, akapiga magoti tena, akaanza kulifungua lile bomba. Mwalimu, kwa mazoea, akainua kona ya gitaa kumsaidia. Bomba likatoka. Mshonaji akafungua taulo, akaweka kilichokuwamo mahali pa bomba, akazungusha. Kiliingia bila kulazimishwa, mizunguko sita, kikakaza. Mwalimu aliteremsha kona polepole. Gitaa lilisimama kwa miguu minne inayofanana, pete nne katikati.

"Umeupata wapi?" aliuliza.

"Majanini, ukishapita daraja," mshonaji alisema, akikunja taulo. "Kando ya mwili wa mume wangu. Baiskeli yake ilikuwa ng'ambo ya barabara."