Jina Ndani ya Kiatu

Jina lililokatazwa na serikali lilikuwa ndani ya kiatu cha kushoto cha Mwape, na jasho lilikuwa limeanza kulifuta.

Sista wa zahanati ndiye aliyemwandikia kile kikaratasi cha kiatuni: Alhamisi, saa kumi na moja, Hewa Bora, nyuma ya kanisa. Uliza Adrien. Halafu akamweleza kwa sauti ya maungamo. Walioacha pombe hukutana huko kila juma, na huo ndio mkutano pekee wa mtaa wa Hewa Bora usioanza kwa nyimbo za kusifu Chama. Chumbani wanaitana kwa majina ya ubatizo, yaleyale ambayo taifa zima limeamriwa kuyasahau, ili msimamizi wa kazi akisikia habari asijue ni nani anayezungumzwa. Huyo Adrien alikuwa na miaka minne bila kugusa tone. Alikwisha kuwaokoa watu kumi na saba.

Mwape hakuwa na haja na watu kumi na saba. Alitaka aokolewe mmoja, tena kabla ya kesho. Kesho asubuhi mkewe angepanda lori la kwenda kwao Mokambo pamoja na watoto watatu na sufuria zote, isipokuwa kama mume angerudi leo bila harufu kinywani. Ilikuwa siku yake ya tatu bila kunywa. Mikono yake ilitetemeka kwa bidii ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake kazini, kule kwenye tanuru za shaba.

Kwa bahati mbaya, kabla ya kulifikia kanisa, barabara ilipita nyumba kumi na moja zilizouza lutuku, ile pombe kali inayochemshwa uani, na harufu ya kila nyumba ilimfahamu Mwape kwa majina yake yote mawili. Kwenye nyumba ya saba miguu ikasimama yenyewe.

Mlangoni mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya kreti tupu. Vifungo vya abakosti yake, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, vilikuwa vimekosa matundu yao, mkono wa kulia umezama mfukoni. Alinuka kama pipa.

"Papa, kanisa iko wapi?"

"Iko mbele. Unaenda kuungama ao kuoa?"

"Minatafuta muntu. Adrien."

Mzee akainua macho. "Unamuyua?"

"Simuyue. Banasema miaka ine hakunywa."

"Ine na miezi mbili," mzee akasahihisha. Walevi hupenda kusahihisha.

"Basi unionyeshe, papa. Kama simupate leo, nimekufa. Bibi na batoto banaenda kesho."

Mzee alijaribu kusimama, kreti ikamrudisha. Akajaribu tena. "Tuende. Hata mimi niko naenda kule. Tangu saa nane niko naenda."

Wakaondoka, mzee amemshika Mwape bega. Ule mkono wa kulia haukutoka mfukoni. Ulikuwa umekumbatia kitu, kama mtu anayeficha kifaranga, na Mwape hakuhitaji kuambiwa ni nini. Yeye mwenyewe alikuwa na kichupa cha namna hiyo hadi Jumatatu. Alianza Salamu Maria ili asikifikirie. Ikamkatikia katikati.

"Papa." Sauti yake mwenyewe ilimtia aibu. "Ile kintu ya mu mufuko. Unipatie kiloko tu, moja ya mwisho, niingie na nguvu."

"Apana."

"Nakuomba. Tazama, napiga magoti."

Na kweli akapiga magoti, katikati ya barabara, mbele ya mwuza karanga ambaye kwa heshima zote alilisogeza beseni lake pembeni.

"Simama, mwana." Mzee alikuwa analia, au lutuku ilikuwa inatafuta njia ya kutokea. "Hii haiko dawa yako. Mimi mwenyewe inanichoma tangu saa nane."

Mwape akasimama. Walipita nyumba nne zilizobaki, kila mmoja akimzuia mwenzake asianguke, na asigeuke.

Nyuma ya kanisa watu kama ishirini walikuwa wamesimama nje ya chumba kilichofungwa, kimya kama wanafunzi waliochelewa misa. Mwape akawakagua kwa macho. Yupi? Akamwona mmoja mrefu, mwenye kofia, aliyesimama wima kama mtu ambaye hajawahi kuyumba maishani. Akamwacha mzee, akamkimbilia.

"Papa Adrien! Sista amenituma. Unisaidie!"

"Mimi Godefroid," yule mrefu akajibu, bila kumtazama. Macho yake yalielekea nyuma ya bega la Mwape, kwa yule mzee. Watu wote walikuwa wanatazama huko. Harufu ikawafikia, na mama mmoja akaziba mdomo kwa kitenge chake.

"Adrien," Godefroid akasema taratibu, "tunakungojea tangu saa kumi na moja. Ufunguo iko na wewe."

Mzee akautoa mkono mfukoni, na ufunguo ndani yake. Aliujaribu mara tatu, na mara zote tatu ulilikosa tundu. Hakuna aliyesogea. Ndipo Mwape akarudi, akaushika mkono ule, na mikono miwili inayotetemeka ikafungua mlango.