Karafuu Chini ya Leso

Nduta alipanda juu ya kreti ya soda katikati ya jikoni, akakohoa kama mwalimu mkuu siku ya kufunga shule, kisha akatangaza kwamba kuanzia leo binadamu hawatahitaji tena maduka ya vipodozi. Chupa aliyoishika ilikuwa na mafuta ya nazi, majani ya rozmeri na karafuu, yaliyopikwa kwa hekima, subira na mapenzi ya jamaa.

"Ukiyamwaga utayaramba hapo sakafuni," dada yake Nyaguthii alisema. "Shuka."

Nduta akashuka. Alikuwa kidato cha tatu, amerudi likizo kutoka bweni, mahali alipofundishwa kusimama wima na uso mtakatifu wakati chai ya wenzake imejaa chumvi.

Dada yake alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, na kesho yake mahari yangeletwa hapo nyumbani Kitengela. Kama ilivyo desturi, Nyaguthii angefunikwa gubigubi kwa leso pamoja na wasichana wengine, wakae kwa mstari, na bwana harusi amtafute bila kumfunua. Waliofunikwa hawaruhusiwi kusema. Akikosea, faini ni mbuzi.

Mbuzi hakumsumbua Nyaguthii. Aliyemsumbua ni Tata Ann, dada ya baba yao, aliyekuwa akikatakata kabichi mlangoni tangu asubuhi.

"Yule mchumba wa kwanza alimpotea bila hata kufunikwa," Tata Ann alikuwa akisema. "Sasa huyu tukimfunikia, itakuwaje?"

Ndiyo sababu ya karafuu. Nyaguthii alikuwa akijipaka yale mafuta usoni, shingoni na kwenye nywele kila siku, hata mto wake ulinukia pilau. Tata Ann alipotoka kwenda kumwaga maganda, Nyaguthii alimpigia bwana harusi wake, Wakhungu, akaiweka simu kwa spika.

"Kesho ufuate karafuu tu. Usiniaibishe."

"Nimeshika, mpenzi. Na mzee wenu bado anatupatia ile ploti ya Isinya?"

"Tukimaliza harusi tu, anatuandikia."

"Basi hiyo karafuu nitaifuata hata nikiwa na mafua."

Valerie, aliyekuwa ameketi hapo jikoni, alicheka. Yeye ndiye aliyewakutanisha; alitoka kijiji kimoja na Wakhungu huko Bungoma, na alikuwa rafiki wa Nyaguthii wa kufa na kuzikana. Misuko ilikuwa imezing'oa nywele zake za mbele, kwa hivyo kila siku alijipaka maji ya vitunguu vya Kimana ili ziote tena, akajifunga leso ya kijani juu yake.

"Shem, chunga usikosee uje kwangu," Valerie alisema karibu na simu.

"Wewe? Wewe hata nikiwa usingizini nitakujua. Hiyo kachumbari yako hufika Athi River kabla yako."

Wote walicheka. Nduta alicheka kuliko wote, kisha akaitazama ile leso ya kijani kwa heshima kubwa.

Kesho yake hema lilijaa. Valerie alikuwa ameosha nywele kwa ajili ya sherehe na kunukia sabuni tu. Leso yake ya kijani ilikuwa imetupwa kwenye kiti, na Nduta ndiye aliyepewa kazi ya kuwafunika wasichana.

Nduta alimkalisha Valerie mwisho wa mstari. Dada yake alimfunga kwanza ile leso ya kijani kichwani, upesi, ndipo akamfunika ile ya juu iliyofanana na za wengine. Nyaguthii aliponusa vitunguu alimfinya Nduta mkono hadi machozi yakamtoka, lakini kusema hakuweza. Kisha Nduta akajimwagia mafuta yote ya karafuu yaliyobaki, akajifunika na kuketi kando ya dada yake.

Akina mama waliimba na kupiga vigelegele. Viatu vya Wakhungu vilikuja polepole kwenye mstari. Vilipofika kwa Nyaguthii vikasimama, na Nduta akahisi mtu ameinama hapo kando, akakaa kidogo. Nduta aliuma leso asicheke. Kisha viatu vikasogea kwake, na pua ikavuta hewa kama ya mbwa wa polisi.

"Huyu ndiye wangu," Wakhungu alisema.

Tata Ann akamfunua. Meno ya Nduta yakatokea kwanza.

Hema zima likapasuka kwa kicheko. "Mbuzi," Tata Ann alidai, akigonga kiganja. Wakhungu mwenyewe alishika kichwa na kucheka.

Kisha Tata Ann akanusa tena. "Nduta. Hii karafuu umetoa wapi?"

Nduta aliona ameshikwa. Akasimama wima, akaweka mkono kifuani.

"Waheshimiwa wazazi na wageni wetu kutoka Bungoma, nakiri mbele yenu. Mafuta ni ya dada, nimeyaiba. Na ile leso ya vitunguu ya Valerie, nimemfunga nayo bibi harusi."

Watu walicheka upya, hadi wazee wakashikilia viti. Wakhungu peke yake ndiye aliyeacha kucheka.

Nyaguthii alijifunua mwenyewe. Nduta alikunja shingo akingojea kofi, lakini dada yake hakumtazama. Alifungua fundo la ile leso ya kijani taratibu, akaikunja, akaenda nayo hadi mwisho wa mstari na kuiweka mapajani mwa rafiki yake.

"Valerie, kuna ujumbe wako umenong'onezwa sikioni mwangu," alisema. "Anasema usilie leo. Ploti ya Isinya ikitoka tu, anarudi kwako na kwa watoto wenu."