Siangalii Nyuma

Kadi ya gari ilikuwa imekaa darini, ndani ya kopo la maziwa ya unga, miaka ishirini na nane. Abdulrahim aliipangusa vumbi kwa pindo la kanzu, akaibwaga mezani kama mtu anayeshusha karata ya mwisho.

“Hiyo hapo,” alisema. “Sasa huyo Silvano naye alete yake.”

Dada wa kampuni ya magari, aliyejitambulisha kwa jina la Khairat, aliisoma kwanza bila kuigusa. Walikuwa bustanini kwenye hoteli moja mjini Dodoma, saa nne asubuhi, upepo ukipeperusha vitambaa vya meza. Pembeni yake alikaa mwanaume mmoja mkimya, Respicius.

“Yeye ni shahidi tu, mzee,” Khairat alisema. “Asikusumbue.”

Abdulrahim hakusumbuka. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja, na kilianzia harusini. Silvano, mkamua alizeti kama yeye, alifika ukumbini na gari jipya, akampigia honi mbele ya wakwe. “Mzee, sogeza hilo toroli lako, wenye magari tuegeshe!” Watu walicheka. Mkwewe mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku ile ugali wa Abdulrahim ulikuwa haushuki bila maji.

Ndipo tangazo likaingia kwenye simu yake. Wamarekani wametengeneza pikapu mia moja tu, kwa kumbukumbu ya zile za zamani zenye kifua kipana na muungurumo wa kutikisa madirisha. Sura ya zamani, injini ya leo, kila moja na namba yake kwenye dashibodi. Kanda ya Kati imepewa moja. Sharti ni hili: mnunuzi awe aliwahi kumiliki ile ya asili, na athibitishe.

Abdulrahim aliwahi. Kwa miaka mingi hakumwambia mtu, lakini aliwahi.

Alishaiona siku yenyewe kichwani. Anaingia mtaa wa Silvano taratibu, anaegesha mlangoni kwake, anazima. Halafu anawasha tena, makusudi tu.

“Kuna tatizo dogo,” Khairat alisema. “Bwana Silvano anasema pikapu hiyo ya zamani ilikuwa yake. Wewe ulikuwa unaiazima.”

“Kuazima!” Abdulrahim aligonga meza, chai ikamwagika. “Silvano wakati ule alikuwa anasukuma baiskeli ya mkaa! Hakuna kiumbe mwingine aliyewahi kushika usukani wa gari lile. Andika.”

“Hata siku moja?”

“Hata dereva sikuwa naye. Andika hivyo hivyo nilivyosema.”

Aliandika.

“Rangi?”

“Nyekundu. Mistari miwili myeupe juu ya boneti.”

“Nyuma kulikuwa na maandishi?”

Abdulrahim alicheka, akajiegemeza kwenye kiti. Hilo halikuwa kwenye kadi wala kwenye picha. Hilo Silvano angelijulia wapi?

“SIANGALII NYUMA. Aliyachora fundi mmoja wa Kondoa. Herufi kubwa hivi, hata mtoto anayeanza shule angesoma.”

Kalamu ya Khairat ilisimama. Kisha akayaandika maneno yale mawili polepole, kwa herufi kubwa.

“Na Silvano alisema limeandikwa nini?”

“Hakujua.”

“Si nilikwambia!”

“Swali la mwisho, mzee. Gari zuri namna hiyo, uliachana nalo kwa nini?”

Abdulrahim alikohoa. “Niligonga ng'ombe. Gulwe, karibu na stesheni, natoka kupakia karanga. Taa ya kulia ikapasuka, boneti ikajikunja. Nikaliuza vipande vipande.” Habari ya ng'ombe huyo alikuwa amejisimulia mwenyewe mara nyingi mno, hata siku hizi alikuwa anamwona na pembe zake.

“Unakumbuka tarehe?”

“Saba Saba, mwaka tisini na saba. Barabara nzima ilikuwa watoto na nguo mpya.”

“Ulisimama?”

“Binti yangu, ng'ombe wa watu ukisimama, kijiji kizima kinakuja na fimbo. Na gari lenyewe lilikuwa limeshasema, haliangalii nyuma.” Alicheka tena. Safari hii alicheka peke yake.

Khairat aligeuza karatasi, akamsogezea. “Soma, mzee. Kama kuna neno ambalo si lako, lifute.”

Hakufuta kitu. Palipoandikwa kwamba yeye peke yake ndiye aliyeliendesha, alipigia mstari, Silvano apate kuuona vizuri. Akatia sahihi kila ukurasa, akabandika na dole gumba. Respicius akasaini chini yake, akaichukua kadi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga.

“Mwenzangu atalia,” Abdulrahim alisema, akijifuta wino kwenye kidole. “Atalia machozi. Haya, nipeni funguo zangu. Mimi ni namba ya ngapi kati ya hao mia?”

“Wewe ni wa kwanza,” Khairat alisema.

Respicius aliingiza mkono kwenye begi. Chuma kikalia. Abdulrahim akanyoosha kiganja, uso mzima ukicheka.

Zilikuwa pingu.

“Yule ng'ombe wako wa Gulwe alikuwa anaitwa Imrani,” Khairat alisema, akifunika kalamu yake. “Mimi ndiye ndama wake.”